Sura ya Saba: Sifuri ya Kijani

Mkuu wa kituo alilitupa jalada mezani kama mtu anayetupa ganda la ndizi.

"Saa nane mchana awe mbele ya hakimu. Uzembe uliosababisha kifo. Damu haikupimwa, mpimaji ni yeye, jina lake liko kwenye kompyuta. Mume wa marehemu anakaa pale benchi toka Ijumaa, haongei, anatutazama tu. Unataka nini tena, Mama Faili?"

"Nataka kujua alibonyeza nini," alisema Inspekta.

"Alibonyeza kile anachobonyeza kila siku!"

"Basi naenda kukitazama hicho anachobonyeza kila siku. Sasa ni saa mbili na nusu. Nina muda."

Mama Faili ndilo jina walilompachika pale kituoni, kwa sababu katika miaka kumi na minane ya upelelezi hakuwahi kufunga faili kwa kuambiwa tu alifunge. Waliomwita hivyo walikusudia kumkera. Yeye alilizoea, na siku nyingine aliitika.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi na kichungu. Alhamisi asubuhi mama mmoja alijifungua salama, kisha akaanza kuvuja damu bila kukoma. Hospitali ikachukua mfuko wa kundi O uliotoka benki ya damu, ile damu inayotolewa wakati wa dharura bila kusubiri kulinganishwa na ya mgonjwa. Mfuko ulikuwa na namba 4417. Ndani yake hamkuwa na O, mlikuwa na B, maana mchangiaji mwenyewe ndiye aliyejitajia kundi na hakuna aliyelihakikisha. Mama akafa kabla ya saa sita, mtoto akabaki. Kwenye kompyuta ya benki ya damu mfuko ule ulisomeka "Salama", na mbele ya neno "Mpimaji" palikuwa na jina la dada wa maabara. Kichupa cha sampuli ya mfuko huo kilikutwa kwenye friji, kizibo chake hakijawahi kufunguliwa. Jioni ile ile dada akalazwa mahabusu, na leo ilikuwa Jumatatu.

Inspekta alianzia huko huko mahabusu. Mpimaji alikuwa amekaa sakafuni katika chumba namba mbili, koti lake jeupe amelikunja vizuri na kulipakata magotini. Siku nne za kulala chini hazikuwa zimemfanya alikunjue.

"Mdogo wangu, nina maswali matatu. Usinipe hotuba."

"Uliza, dada."

"Mfuko 4417 uliupima?"

"Hapana."

Sajini aliyeshika funguo alikohoa mlangoni, kama anayesema si nilikwambia.

"Kwa nini hukuupima?"

"Zamu yake ilikuwa haijafika. Jumanne nilikuwa na mifuko sitini na moja kwenye foleni, na mpimaji ni mimi peke yangu. Mwenzangu alihamishwa mwezi uliopita. Jumatano asubuhi nafungua orodha yangu, tupu. Hata mfuko mmoja hamna. Lakini vichupa vyake vyote sitini na moja viko kwenye trei, vinanitazama. Nikamfuata Mkurugenzi. Akasema vimepimwa maabara kuu, nivitupe."

"Ukavitupa?"

"Kitu sijakipima kwa mkono wangu sikitupi. Nilivishusha friji ndogo, trei ya chini. Ila sikupiga kelele. Nilimwamini mkubwa wangu kwa siku moja, dada, na kwa siku hiyo moja mtu amekufa."

Inspekta aliyaandika hayo kwenye daftari lake.

"La tatu. Ulibonyeza 'Salama' kwenye mfuko ule?"

Mpimaji aliinua macho, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Kile kitufe hakibonyezeki bila majibu! Nimewaambia wenzako toka Alhamisi. Wakacheka. Mmoja akaniuliza, kitufe gani hicho kisichobonyezeka, kina aibu?"

Inspekta alimgeukia Sajini. Sajini akawa anachunguza funguo zake kwa bidii.

* * *

Benki ya damu ilikuwa jengo la ghorofa moja, sakafu yake inang'aa na inanuka dawa. Ukutani pa mapokezi palitundikwa skrini kubwa kama meza ya chakula, ya kuonwa na kila aingiaye. Ilikuwa na mistari mitatu. Inasubiri kipimo: 4. Salama: 218. Imetolewa leo: 3. Ile nne iliandikwa kwa rangi nyekundu.

Wachangiaji watatu walikuwa wamelala kwenye vitanda vyao, mikono imenyooshwa. Muuguzi wa mapokezi alipita akisukuma kigari chenye mifuko iliyojaa, akaisogeza hadi kwenye friji kubwa.

"Dada, samahani," alisema Inspekta. "Siku hizi nani anapima?"

"Hakuna, afande. Toka Alhamisi tunasubiri wa kuazima. Hajaja."

"Kwa hiyo hiyo nne ni ya leo?"

"Ya leo, ndiyo. Mingine..." Muuguzi alitazama skrini, akakunja uso. "Mingine sijui imepimwa na nani."

Saa ya ukutani ilisoma saa nne kasoro dakika moja. Inspekta alisimama pale pale, mkoba mkononi, na ndiyo maana alikiona. Sindano ndefu ilipogusa kumi na mbili, ile nne nyekundu ilizimika. Mahali pake ikaja sifuri, ya kijani, nzuri kama jani la mvua ya kwanza. Salama ikapanda ikawa 222. Hakuna mtu aliyekuwa amegusa kitu.

Muuguzi alikuwa bado ameshika kigari. "Ndivyo inavyofanyaga?" aliuliza Inspekta, na sauti yake haikuwa ya kuuliza. "Kila saa?"

"Sijawahi kuitazama, afande. Kazi ni nyingi."

Inspekta alipiga simu kituoni. "Sajini, mahabusu namba mbili yupo?"

"Yupo, afande. Ataenda wapi?"

"Usinijibu ukiwa umekaa. Nenda kamtazame kwa macho yako, kisha andika kwenye kitabu cha mahabusu: saa nne kamili yupo ndani, hana simu, hana kompyuta. Tia sahihi."

Alisubiri hadi aliposikia kalamu ikikwaruza karatasi.

* * *

Chumba cha kompyuta kilikuwa juu, mwisho wa ukumbi. Aliyekitunza alikuwa mwanaume wa makamo mwenye upara wa mapema, ambaye jengo zima lilimwita Kibodi kwa jinsi alivyozipiga herufi kama anayetwanga. Aliposikia neno polisi mikono yake ilitulia, jambo ambalo pengine halikuwahi kutokea saa za kazi.

Nyuma yake ukutani palibandikwa karatasi kubwa yenye mchoro wa kalamu ya wino. Ulikuwa na maduara sita, kila duara na neno ndani: Umepokelewa, Unapimwa, Salama, Umekataliwa, Umetolewa, Umezuiwa. Baina ya maduara ilipita mishale.

"Nani kachora?"

"Mimi." Hofu ya Kibodi ilisogea kando kidogo, fahari ikachungulia. "Ndiyo roho ya mfumo, afande. Inaitwa mashine ya hali. Kila mfuko una hali moja tu kwa wakati mmoja. Na hauwezi kwenda hali nyingine ila kwa kufuata mshale."

"Kuna mshale wa kutoka 'Umepokelewa' kwenda 'Salama'?"

"Hakuna."

"Umesahaulika?"

"Haupo makusudi. Lazima mfuko upite 'Unapimwa'. Na kwenye mshale wa kutoka 'Unapimwa' kwenda 'Salama' kuna mlinzi. Anauliza, majibu yote yapo? Kundi limethibitishwa? Hayapo, haupiti hata ukimlilia."

"Huyo mlinzi umemwandika wewe?"

"Masharti yake nimeyaandika mimi, lakini kazi ya kusimama mlangoni inafanywa na maktaba. Maktaba ni programu iliyokwisha kuandikwa na mafundi wengine, mtu unaiunga kwenye mfumo wako. Unaitajia hali zako na mishale yako, yenyewe inasimamia. Na kila mfuko ukipita mshale, inaandika historia: umetoka wapi, umekwenda wapi, nani kabonyeza, kwenye kompyuta gani, saa ngapi. Ningeandika mwenyewe ningesahau kitu. Ile haisahau."

"Haya. Nitengenezee mfuko wa bandia."

Kibodi alitwanga. Mfuko wa majaribio ukatokea kwenye skrini: Umepokelewa.

"Ingia kama mpimaji. Sasa ubonyeze 'Salama'."

Kitufe kilikuwepo, lakini kimefifia kama mtu aliyepauka, na kilipobonyezwa hakikutikisika. Inspekta alimwagiza alazimishe kwa njia nyingine yoyote anayoijua mpimaji. Yakaja maandishi mekundu: Haiwezekani. Kutoka "Umepokelewa" hakuna njia ya kwenda "Salama".

Yule mtu wa mahabusu alikuwa amesema kweli, neno kwa neno, siku nne, na watu wazima wenye mishahara walikuwa wamemcheka. Inspekta alihisi joto likimpanda shingoni. Alilimeza, maana kazi ilikuwa haijaisha.

"Chapisha hiyo. Andika saa, tia sahihi. Sasa nifungulie historia ya 4417."

Kibodi hakutwanga. Alibonyeza herufi moja moja, taratibu, kama anayekanyaga miba.

Historia ilikuwa mistari miwili. Wa kwanza: Jumatatu ya wiki iliyopita, mfuko umepokelewa na muuguzi wa mapokezi. Wa pili: Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kutoka "Salama" kwenda "Umetolewa", dharura, umechukuliwa na hospitali.

"Ulifika Salama lini?" aliuliza Inspekta.

"Hapa haioneshi."

"Naona kwamba haioneshi. Mfuko umelala ukiwa 'Umepokelewa', umeamka ukiwa 'Salama'. Nani kaupitisha?"

"Labda mtandao ulikatika siku hiyo. Historia ikapotea. Hutokea."

Inspekta aliyavuta maneno hayo kama kamba, aone yamefungwa wapi. "Ukikatika, unakatika kwa wote. Nioneshe mifuko mingine ya siku hiyo hiyo, ile iliyopimwa."

Ikaja mitano. Yote ilikuwa na mistari yake kamili, umepokelewa, unapimwa, salama, jina la mpimaji na namba ya kompyuta ya maabara. Hakuna hata mmoja uliopungukiwa. Mtandao haukuwa na kosa.

"Ndugu yangu," alisema Inspekta, "wewe unajua kuuliza hii mashine kuliko mimi. Iulize hivi: mifuko yote iliyowahi kuwa 'Salama', lakini historia yake haina mshale wa kufika Salama. Mingapi?"

Feni ya mashine ilizidi kuvuma. Alipomaliza kuandika alirudisha kiti nyuma, kama ambaye hataki kuwa karibu na jibu.

Mia moja na tatu.

"Ipange kwa saa ilipobadilika."

"Historia haina saa hizo," alisema Kibodi, "ila jedwali, ile orodha kuu ya mifuko, hutunza saa jina la mpimaji lilipoandikwa."

Sitini na moja ilibadilika Jumanne, saa kumi kamili, sekunde sifuri. Iliyobaki ilikuja kidogo kidogo, mitatu, miwili, mitano, na kila kundi saa kamili, sekunde sifuri. Ya mwisho ilikuwa minne: leo, saa nne kamili. Na mbele ya kila mmoja kati ya ile mia na tatu, kwenye nafasi ya "Mpimaji", palikuwa na jina lile lile.

Inspekta alivuta kiti akakaa.

"Binadamu mwenye vidole kumi amepima mifuko sitini na moja kwa sekunde moja," alisema. "Hilo tuliache. Leo saa nne kamili huyo huyo kapima mifuko minne. Na mimi nina kitabu cha mahabusu kinachosema saa nne kamili alikuwa kwangu, chumba namba mbili, amekaa sakafuni. Sasa niambie wewe mwenyewe kabla sijakuuliza kwa jina lako lote. Ni nini hiki?"

"Fagio," alisema Kibodi.

"Rudia."

"Tunaliita fagio. Ni programu ndogo." Aliufunika uso kwa viganja kisha akaufunua. "Maktaba inalinda mishale yake tu, afande. Mtu akija kwa mshale anakutana na mlinzi. Lakini ile hali ya mfuko, mwisho wa yote, ni neno tu limeandikwa kwenye kisanduku cha jedwali. Mwenye funguo za jedwali anaweza kufuta 'Umepokelewa' akaandika 'Salama'. Mlinzi haulizwi. Historia haiandikwi. Niliweka mlinzi mlangoni, halafu nikapita dirishani mimi mwenyewe."

"Na jina la dada wa watu?"

"Jedwali halikubali hali ya 'Salama' bila jina la mpimaji. Kisanduku hakiwezi kuwa kitupu. Nikajaza la mpimaji wa zamu. Yuko mmoja tu."

"Ukajaza." Inspekta alilitamka neno hilo kama kitu alichokiokota jalalani. "Mtu kafungwa siku nne kwa sababu kisanduku kilikataa kuwa kitupu, na wewe umekaa hapa unakula na kunywa. Nani alikutuma?"

Kibodi alifungua droo akatoa simu yake. Ujumbe alikuwa ameutunza. Ulitoka kwa Mkurugenzi, Jumanne saa nane mchana: *Wakaguzi wanaingia kesho asubuhi. Ile 61 nyekundu pale chini ni aibu tupu. Iondoe leo na isirudi tena.*

"Na Alhamisi, mama wa watu alipokufa?"

"Nilikwenda kwake. Nikamwambia, bosi, tulizime. Akasema tukilizima sasa tutakuwa tumekiri."

* * *

Mkurugenzi aliingia bila kubisha hodi, tai shingoni, tabasamu usoni, mkono umetangulia.

"Afande! Bado mnahangaika na sisi? Nilidhani mambo yamekwisha, mhusika mnaye."

Inspekta hakuupokea mkono. Aliweka karatasi nne mezani, moja baada ya nyingine: maandishi mekundu ya kitufe kilichokataa, historia yenye pengo, orodha ya mia na tatu, na ujumbe wa Jumanne. Mkurugenzi alizisoma akiwa amesimama. Tabasamu lilichelewa kuondoka, kama mgeni asiyejua shughuli imekwisha.

"Hii ni ripoti tu," alisema hatimaye. "Ni rangi ukutani. Damu yenyewe ingepimwa baadaye."

"Na nani? Mpimaji mmoja umemhamisha, wa pili ulimwambia avitupe vichupa."

"Kompyuta nayo ina makosa yake, mama, ukiielewa..."

"Kompyuta ndiyo pekee humu ndani iliyokataa!" Inspekta alisimama, na kiti kikaanguka nyuma yake, hakuna aliyekiinua. "Iliambiwa iseme uongo ikasema haiwezekani. Mkatafuta dirisha. Sawa, Jumanne uliona haya mbele ya wageni. Lakini Alhamisi ulijua. Ulijua mama kafa kwa mfuko uliofagiwa, ukaliacha fagio linafagia. Leo asubuhi limefagia mbele ya macho yangu! Umemwangushia jumba bovu msichana aliyevitunza vichupa ulivyotaka vitupwe, na huku nyuma unaendelea kumwandika jina kwenye damu asiyoiona. Huogopi?"

Kibodi alikuwa anatazama zulia.

"Katika hiyo mia na tatu, mingapi imeshatoka?" Inspekta aliuliza, sauti imeshuka.

"Kumi na mmoja," alijibu Kibodi. "Mmoja ndio ule 4417."

"Kumi iko kwa watu. Mkurugenzi, chukua simu. Utazipigia hospitali zote wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na utasema maneno haya: mfuko wenu namba fulani haukupimwa, usitumike. Usiseme hitilafu. Usiseme mfumo. Na wewe Kibodi, lizime fagio, kisha ondoa mikono yako kwenye mashine."

Ilichukua dakika arobaini. Mifuko saba ilikuwa bado kwenye friji za hospitali, ikazuiwa. Mitatu ilikuwa imeshaingia mwilini mwa watu. Wote watatu walikuwa hai, na madaktari waliahidi kuwachukua vipimo kabla ya jua kuchwa. Kila Mkurugenzi aliposema "haukupimwa" sauti yake ilizidi kupungua, na kila ilipopungua Inspekta alimwambia arudie.

Mkuu wa kituo akapiga. "Mama Faili, hakimu anaulizia mtu wake. Saa nane unampeleka nani?"

"Ninaye, mkuu. Huyu ana tai."

"Na mume wa marehemu nimwambie nini?"

"Mwambie tulimwonesha mtu siye, na umwombe radhi kabla hujakaa. Kisha mwambie mke wake hakuuawa na uvivu wa mpimaji. Ameuawa na mkubwa aliyeona haya kuonesha kazi haijaisha."

* * *

Saa saba kasoro robo Sajini alimleta mpimaji. Inspekta alisaini karatasi ya kumwachia huru juu ya boneti ya gari.

"Nenda nyumbani, mdogo wangu. Kaoge, kale, kalale. Kesho nitakuja mwenyewe kuchukua maelezo yako."

"Vichupa viko wapi?"

"Trei ya chini, ulipoviacha. Sitini, na kile kimoja tunacho sisi. Vya siku nyingine wauguzi wameviweka juu yake."

Mpimaji alikunjua koti lake jeupe, akalipiga mara mbili hewani litoke vumbi, akalivaa.

Maabara ilikuwa chumba kidogo chenye friji mbili na kompyuta moja. Kibodi alisimama mlangoni chini ya ulinzi wa Sajini, asijue aweke wapi mikono. Mifuko tisini na miwili ilikuwa bado ndani ya jengo, na yote ilisomeka Salama.

"Dada," alisema Kibodi kwa sauti ndogo, "naweza kuirudisha yote kwa sekunde moja. Mstari mmoja tu wa..."

"Iguse hiyo mashine nikuvunje vidole," alisema Sajini, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitafuta pa kuiweka aibu yake.

"Kuna mshale wa 'Zuia'," alisema mpimaji bila kugeuka. "Kutoka Salama kwenda Umezuiwa, kutoka Umezuiwa kurudi Umepokelewa. Uliuweka mwenyewe, sema hujawahi kuutumia. Nitapita huo. Mmoja mmoja. Na jina langu safari hii naliandika mimi."

Akavuta kiti, akaanza.

Inspekta alishuka mapokezi, akasimama pale aliposimama asubuhi. Mifuko iliyochangwa baada ya saa nne Muuguzi alikuwa hajaiingiza kwenye kompyuta, na sifuri ya kijani ilikuwa bado ukutani. Ikatoweka, ikaja moja, nyekundu. Kisha mbili. Kisha tatu. Muuguzi aliacha kigari chake akaja kusimama karibu naye. Mchangiaji mmoja, pamba mkononi, akauliza kama mashine imeharibika. Kumi. Ishirini na sita. Hamsini. Zilikuwa zinapanda kwa mwendo wa mkono wa mtu, mara upesi, mara kwa kusita, kama anayesoma kila namba kabla ya kubonyeza. Zilipofika tisini na mbili zikasimama.

Saa ya ukutani ilisoma saa nane kasoro dakika moja. Muuguzi aliishika mikono yake pamoja. Nje, gari la polisi lilikuwa limeshaondoka na Mkurugenzi kwenda mahakamani. Sindano ndefu ikagusa kumi na mbili, na wote pale chini wakaitazama ile namba.

Tisini na mbili. Nyekundu. Haikutikisika.

Walisimama hivyo muda mrefu, na hakuna aliyeketi. Ilipotimu saa nane na dakika kumi na nne, mpimaji alipomaliza kichupa cha kwanza, ikawa tisini na moja.